Kuunguza, waya, makumbi au kuloweka? Njia nne za kusafisha jiko la gesi la kuchomea nyama

Ndugu na majirani walionunua jiko la gesi la kuchomea nyama huniuliza swali moja: nilisafishe na nini? Muuzaji dukani kawapa brashi ya waya kama zawadi. Shemeji anasema usihangaike, washa moto uunguze kila kitu. Mama mkwe anataka wavu utolewe ulowekwe kwenye beseni kama masufuria mengine. Shangazi naye anatuma makumbi ya nazi. Wote wana sababu zao, ila kila mmoja anasemea jiko alilolizoea yeye.

Nazungumzia lile jiko la nje lenye mfuniko, bana, yaani vichomeo vya gesi, mbili hadi nne ndani, wavu juu yake na mtungi pembeni. Letu linakaa baraza ya nyuma, Kigamboni, si mbali na bahari, na huu ni mwaka wake wa sita. Upepo wa chumvi hauna huruma na chuma, kwa hiyo nitakayosema kuhusu kutu nimeyaona kwa macho. Aliye Dodoma au Nairobi anaweza kuipunguza hofu hiyo kidogo. Mafuta ya kuku, lakini, yanaganda vilevile kila mahali.

## Kwanza ujue wavu wako ni wa chuma gani

Ubishi mwingi kuhusu usafi unaisha ukishajua hili. Nyavu zilizopo sokoni ni za aina tatu hasa.

Kuna stenlesi: vijiti vya mviringo vinavyong'aa vikiwa vipya, kisha vinapata rangi ya kahawia na bluu kwa moto. Usiitafute kwa smaku, maana ipo stenlesi inayonasa smaku na isiyonasa, na zote zinatumika kwenye majiko haya.

Kuna chuma cha kusubu, kile kizito cheusi kilichomiminwa kwenye kalibu. Kinashika joto vizuri sana na ndicho kinachoacha ile mistari myeusi juu ya mnofu. Udhaifu wake ni maji. Kiache na umande usiku mmoja, asubuhi unakuta wekundu wa kutu.

Na kuna chuma kilichopakwa enameli, ngozi ngumu ya kung'aa kama ya vile vikombe vya bati vya bibi zetu. Ikiwa nzima husafishika kirahisi. Mahali inapobanduka, chuma cha chini huanza kuliwa, na vipande vyake vikali vinaweza kuingia kwenye chakula.

Tazama pia boksi lenyewe, sehemu ya chini inayobeba bana. Kwenye majiko mengi ni la aluminiamu. Aliyewahi kupikia maharage yenye magadi kwenye sufuria ya aluminiamu anajua inavyogeuka nyeusi. Kumbuka hilo tukifika kwenye kuloweka.

## Nimezipima kwa vigezo gani

Vigezo vyangu ni vinne. Cha kwanza ni mlaji: je, njia hii inaacha kitu juu ya wavu kinachoweza kumdhuru anayekula? Cha pili ni chuma: wavu na boksi vitaishi muda gani? Cha tatu ni muda na nguvu, kwa sababu njia nzuri unayoikimbia kila Jumapili haikusaidii. Cha nne ni gharama, nikihesabu pia gesi na maji. Sikuuweka mng'aro kuwa kigezo. Wavu wa jiko linalotumika hauwi kama wa dukani, na weusi mkavu, laini, usioshika kidoleni si uchafu.

## Njia ya kwanza: kuunguza kwa moto

Unawasha bana zote hadi mwisho, unafunga mfuniko, unasubiri dakika 10 hadi 15 mpaka moshi upungue wenyewe. Mafuta na vipande vya nyama vilivyogandia vinakauka na kugeuka majivu mepesi. Unazima, unaacha joto lishuke kidogo, unapangusa.

Mlaji. Hakuna dawa, hakuna waya, na joto linaua vijidudu. Kinachobaki ni majivu tu, na hayo lazima uyapanguse kabla chakula hakijawekwa, la sivyo samaki wako ataondoka na madoa meusi yenye uchungu.

Chuma. Stenlesi inavumilia vizuri. Enameli inavumilia moto lakini haivumilii kushtuliwa, kwa hiyo usiimwagie maji baridi ikiwa bado imeiva. Chuma cha kusubu kinataka kiasi: ukikiunguza kila mara bila kukipaka mafuta baadaye, ule weusi unaokikinga unaungua nao na kutu inapata njia.

Muda na nguvu. Ndiyo njia isiyochosha kabisa. Moto unafanya kazi, wewe unasubiri hapohapo.

Neno "hapohapo" nalisema kwa uzoefu. Mwaka wa pili wa jiko letu niliwasha niunguze, nikaingia ndani kukata kachumbari. Niliporudi, moshi mweusi mzito ulikuwa unatoka kwenye matundu ya nyuma na vitufe viwili vya plastiki vilikuwa vimelegea kama mshumaa. Trei ya chini ilikuwa na mafuta ya kuku ya wiki tatu, nayo imeshika moto. Nilizima gesi kwenye mtungi, nikauacha mfuniko umefungwa ili moto ukose hewa, nikakaa mbali mpaka ulipokufa. Kijana wa nyumbani alishakuja mbio na ndoo ya maji, nikamzuia. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka, yanageuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta pamoja na moto wake usoni kwa aliyeshika ndoo. Tangu siku hiyo trei inatolewa kwanza, inakwanguliwa, ndipo kiberiti kinaguswa.

Gharama. Unalipa kwa gesi. Jiko la bana tatu lenye nguvu ya kama kilowati 10 kwa jumla, likiwaka moto wote kwa robo saa, linakula takriban gramu 200. Mtungi wa kilo 15 ungetosha kuunguza mara 75 hivi bila kupika chochote, na ule wa kilo 6 mara 30. Mtungi mdogo una tatizo jingine: bana zote zikiwaka pamoja, gesi inachukuliwa haraka, mtungi unapoa hadi kutoa jasho, na moto unapungua nguvu. Mwenye mtungi wa kilo 6 huenda asilifikie joto analolitaka.

Inamfaa anayechoma kila wiki na kukwangua trei yake bila kukosa. Haimfai mwenye jiko lililoachwa miezi mitatu na mafuta yamejaa ndani.

## Njia ya pili: brashi ya waya

Mlaji. Kigezo hiki ndicho kinachonifanya nirefushe maneno hapa.

Mwezi Julai 2012, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha taarifa ya wagonjwa sita waliotibiwa hospitali moja huko Rhode Island kati ya Machi 2011 na Juni 2012. Wote walimeza unywele wa waya wa brashi ya jiko la kuchomea nyama uliokuwa umeshikamana na chakula. Kuna waliochomwa shingoni kwa ndani, na kuna waliotobolewa utumbo wakahitaji upasuaji wa dharura. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walikadiria kwamba kati ya 2002 na 2014 watu takriban 1,700 walifika vitengo vya dharura nchini humo kwa ajali ya namna hiyo. Ukilinganisha na idadi ya wachomaji wa Marekani, ni wachache. Lakini waya ukiwa kwenye koo la mwanao, hesabu hiyo haikutulizi.

Waya huo nimewahi kuushika mkononi. Nilikuwa nimemaliza kusugua, wavu umetakata, mishkaki iko tayari kwenye sinia. Mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka saba, akainamia wavu akauliza, "Mama, huu mwiba wa samaki?" Ulikuwa umelala sambamba na kijiti cha wavu, urefu kama punje mbili za mchele zilizofuatana, mwembamba, rangi ileile ya chuma. Nilipitisha kitambaa chenye unyevu, nikapata wa pili. Ile brashi ilikuwa na mwaka mmoja na nusu, na ukiigonga kwenye ukingo wa meza nyaya zilidondoka.

Chuma. Kwa stenlesi haina shida kubwa. Kwa chuma cha kusubu inakwangua kutu vizuri. Kwa enameli ni adui, hasa waya wa chuma kigumu. Michirizi inaanza midogo, baadaye ngozi inabanduka. Ukilazimika, chagua ya waya wa shaba nyeupe, ambayo ni laini zaidi.

Muda na nguvu. Hapa brashi inashinda bila ubishi. Dakika mbili juu ya wavu wenye joto na gaga, yaani mafuta na mabaki yaliyogandia, la wiki nzima limeondoka. Ndiyo maana watu hawaiachi, na siwalaumu.

Gharama. Bei ni ndogo, lakini ihesabu kama kitu cha kubadilisha. Nyaya zikianza kulala upande mmoja au kudondoka unapoigonga, itupe siku hiyohiyo. Zipo pia brashi zisizo na nyaya za kusimama, zilizotengenezwa kwa springi zilizosokotwa. Hazisugui kwa ukali uleule, lakini hazidondoshi sindano. Stili waya ya kuoshea vyombo isikudanganye kwa ulaini wake, maana nayo inamomonyoka na kuacha nyuzi.

Inamfaa mtu mzima makini mwenye wavu wa stenlesi, anayekagua brashi kila mara na kupitisha kitambaa chenye unyevu kabla ya kuweka chakula. Nyumba yenye watoto wadogo ningeiepusha nayo.

## Njia ya tatu: makumbi ya nazi, kibao na kitunguu

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinasugua bila chuma.

Makumbi niliyapata kwa shangazi yangu wa Pangani, aliyesugulia masufuria kwa kumbi na majivu maisha yake yote. Alipoiona brashi yangu aliigeuza mkononi akasema, "Mwanangu, kumbi likikatika linakatika nyuzi, na nyuzi zikienda motoni zinaungua. Hii ikikatika inakwenda wapi?" Unachukua kumbi kavu, unalikunja liwe kama ngumi na nyuzi zikitazama chini, unalichovya kwenye maji, unasugua wavu ukiwa na joto unaloweza kulikaribia kwa mkono uliovaa glavu. Ukiwa moto sana, kumbi linaanza kutoa moshi.

Kibao ni kipande cha mti mgumu, kilichochongwa ncha pana. Ukikisukuma kwenye wavu wenye moto, chuma kinakiunguza na kuchora mifereji inayolingana na vijiti vyako. Baada ya mara kadhaa kinakaa juu ya wavu kama kitana kwenye nywele na kukwangua hata pembeni mwa kijiti. Mwambie seremala akupe mbao safi: isiwe na vanishi, isiwe plaiwudi yenye gundi, wala mbao iliyotiwa dawa ya mchwa.

Kitunguu ni kwa mwisho wa kazi. Unakata nusu, unachoma uma mgongoni, unakipitisha kwenye wavu wa moto. Maji yake yanageuka mvuke na kulainisha kilichobaki. Ndimu yenye chumvi inafanya kitu kama hicho kwenye stenlesi, lakini uchachu wake unaondoa kinga ya mafuta kwenye chuma cha kusubu.

Mlaji. Hii ndiyo njia yenye amani kuliko zote. Uzi wa kumbi au kijiti kidogo cha mbao kikibaki, kinaonekana, na moto unakimaliza.

Chuma. Haiumizi aina yoyote. Wenye enameli wanaweza kuisugulia kila siku bila wasiwasi.

Muda na nguvu. Inachosha, lazima niwe mkweli. Kwa wavu uliotumika jana, dakika tano hadi kumi. Kwa gaga la miezi utasugua mpaka bega liume na bado utaliona.

Gharama. Pwani makumbi ni ya bure, yanatupwa nyuma ya kila nyumba inayokuna nazi. Bara, dodoki kavu linasaidia kidogo, ingawa ni laini mno kwa gaga. Huko kibao ndicho bora.

Inamfaa anayesugua mara tu baada ya kuchoma, kabla mafuta hayajaganda, na kila mwenye watoto au wavu wa enameli.

## Njia ya nne: kuloweka kwa maji ya moto na sabuni

Wavu unatolewa, unafutwa mafuta mazito kwa gazeti, unalazwa kwenye beseni pana lenye maji ya moto na sabuni ya vyombo kwa nusu saa hadi saa nzima. Kisha unasuguliwa kwa dodoki au brashi ya nailoni na kusuuzwa vizuri.

Mlaji. Salama, ilimradi sabuni isuuzwe ikaisha. Sitasema hivyo kwa zile dawa za kupuliza za kusafishia oveni. Nyingi zina soda kali, ambayo inachoma ngozi na macho, na inahitaji kuoshwa kwa maji mengi kabla wavu haujarudi kwenye chakula.

Chuma. Stenlesi na enameli wanafurahia maji haya. Gaga likigoma, ongeza vijiko vichache vya magadi kwenye beseni la wavu wa stenlesi. Ndani ya boksi la aluminiamu usiweke magadi wala soda kali, kwa sababu zinaila aluminiamu. Huko tumia maji ya sabuni ya kawaida. Stenlesi nayo ina adui wake, jiki: klorini inaitoboa vijitundu vidogo ambavyo baadaye vinashika kutu. Chuma cha kusubu usikiloweke kabisa. Kikibidi kuoshwa, kioshe haraka, kikaushe kwa kitambaa, kirudishe jikoni dakika tano juu ya moto mpaka unyevu uishe, kisha ukipake mafuta ya kupikia kidogo kwa karatasi. Kwa sisi wa pwani, kukausha juu ya moto ni lazima hata kwa nyavu nyingine.

Muda na nguvu. Mkono unachoka kidogo, lakini siku inaondoka: kuchemsha maji, kusubiri, kusuuza, kukausha. Si kazi ya kila wiki.

Gharama. Sabuni ni rahisi. Maji si rahisi kila mahali. Beseni la kutosha wavu mzima linataka ndoo mbili au tatu za kuosha na nyingine za kusuuza, na mtaa unaosubiri maji ya boza unaijua bei ya ndoo. Maji machafu yasimwagwe kwenye sinki yakiwa na mafuta mengi. Yakipoa ndani ya bomba yanaganda, na ndiyo maana nasema gazeti kwanza.

Inamfaa mwenye jiko lililoachwa muda mrefu, aliyenunua jiko la mtumba, au anayefanya usafi mkubwa mara tatu au nne kwa mwaka.

## Kazi ambazo hakuna hata njia moja kati ya hizi inayozifanya

Unaweza kuwa na wavu unaometa na jiko la hatari chini yake. Niliwahi kukaribia kutupa jiko letu kwa sababu bana moja ilikuwa inawaka njano, inalegea, na mara inapiga "puf" karibu na vitufe. Fundi alikuja, akaondoa wavu, akachomoa ile bana, akaitazama kwa ndani kama mtu anayechungulia bunduki. Akaigonga taratibu kwenye sakafu. Donge la udongo likadondoka, likapasuka: kiota cha nyigu, vyumba vyake vimepangwa vizuri. "Dada," akasema, "jiko halijafa. Limenyimwa hewa."

Gesi inapoingia kwenye bana hupita kwenye shingo yenye tundu la kuvuta hewa. Nyigu wanapenda tundu hilo, na buibui pia wanasuka humo. Njia ikizibwa, gesi inapungukiwa hewa na moto unakuwa wa njano wenye masizi, au gesi inarudi nyuma na kuwaka mahali pasipostahili, chini ya vitufe. Mwali mzuri ni wa bluu, njano ikiwa ni kidogo tu kwenye ncha. Kila baada ya miezi mitatu, na kila jiko linaporudi kazini baada ya kupumzika, chomoa bana, pitisha brashi nyembamba kwenye shingo, zibua matundu ya moto kwa pini bila kuyapanua. Wakati wa kurudisha, hakikisha shingo ya bana imeingia juu ya pua ya valvu.

Mpira wa gesi ukague kila unapobadilisha mtungi. Ukunje uone kama una mipasuko. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, fungua gesi huku vitufe vya jiko vimezimwa, uangalie mapovu. Yakitokea, funga mtungi na ukaze. Yakiendelea, badilisha mpira au regyuleta. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo na kona, kwa hiyo mtungi ukae wima, nje, penye upepo.

Na kile kifuniko cha turubai tunachokinunua ili kulinda jiko kinaweza kuliozesha. Ukilifunika likiwa na joto au unyevu, unafungia mvuke ndani. Masika, yaani Machi hadi Mei, mimi hulifunua kila siku isiyo na mvua lipate hewa.

## Uchague nini kwa hali yako

Unachoma kila Jumapili na wavu wako ni wa stenlesi: unguza dakika 10 baada ya kumaliza kupika, pangusa kwa kumbi au kibao, loweka mara moja kila miezi mitatu.

Unachoma kila Jumapili na wavu ni wa chuma cha kusubu: sugua ukiwa na joto, kwa kibao au kumbi, kisha mafuta kidogo. Kuunguza kwa nguvu uweke kwa siku za gaga kubwa, na kuloweka usahau.

Wavu ni wa enameli: kumbi na maji ya sabuni, basi. Hata kikwangulio cha chuma kilichokuja na jiko kiweke kabatini.

Una watoto, au unawapikia watu wengi kama kwenye futari ya pamoja ambako sinia moja linapita kwa mikono ishirini: brashi ya nyaya isikaribie jiko. Watu wanakula kwa haraka na kwa mwanga hafifu, hakuna atakayeuona waya.

Huna nguvu za mikono, au mgongo unakusumbua: kuunguza ndiko kunakokufaa, kwa sharti la trei. Mwombe kijana ndani ya nyumba aikwangue kabla, na utandike foili ndani ya kikombe cha mafuta ili kazi iwe ya kutoa na kutupa. Foili isitandazwe juu ya wavu wote wala kuziba matundu ya chini, kwa kuwa hewa ikizibwa joto linarudi kwenye bana na vitufe.

Mtungi wako ni wa kilo 6 na gesi inabidi ifike mwisho wa mwezi: sugua mara tu chakula kinapotoka, joto likiwa bado bure, na kitunguu ulichobakiza kwenye kachumbari kimalizie kazi.

Umenunua jiko la mtumba: usianze na moto. Toa trei, toa wavu, chomoa bana, osha vyote, kagua mpira au ununue mpya, pima kwa sabuni. Moto wa kwanza uwashe mfuniko ukiwa wazi.

Na kama enameli imebanduka sehemu kubwa, au vijiti vya chuma vimeliwa mpaka vimekonda katikati, acha kusafisha ununue wavu mwingine. Pima urefu na upana wa ule wa zamani kabla hujatoka nyumbani, na piga picha ya jinsi unavyokaa juu ya vishikio vyake, kwa sababu nyavu mbili zenye kipimo kimoja hutofautiana kwenye masikio.